Dawa Hupimwaje?

Katika Kitabu cha Danieli imo habari ya vijana wanne wa Kiyahudi waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Mfalme Nebukadneza aliamuru walishwe chakula cha meza yake na kunyweshwa divai yake, lakini Danieli hakutaka kujitia unajisi kwa vitu hivyo. Mkuu wa nyumba ya mfalme aliingiwa na hofu. Aliona ya kuwa vijana hao wakikonda, mfalme atamkata kichwa yeye. Danieli hakushindana kwa maneno mengi. Alimwomba msimamizi wao awajaribu kwa muda wa siku kumi kwa mboga na maji tu, kisha azitazame nyuso zao pamoja na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme, ndipo aamue. Siku kumi zilipokwisha, wale wanne walionekana wamenawiri kuliko wenzao wote.

Habari hii ni ya kale sana, lakini ndani yake limo jambo ambalo waganga wa hospitali hulifuata hata leo. Mtu akitaka kujua kama kitu fulani chaufaa mwili, haitoshi kusema ya kuwa chafaa kwa sababu wazee walikisifu, au kwa sababu kimetoka mezani kwa mfalme. Sharti kijaribiwe. Tena katika kujaribiwa, sharti waliokipata watazamwe pamoja na wasiokipata.

JICHO HUDANGANYIKA

Pengine mtu atauliza, "Kuna haja gani ya taabu hiyo yote? Mganga mwenye macho hawezi kuona mwenyewe kama dawa yake huponya?" Jibu ni kwamba macho peke yake hudanganyika kwa njia nyingi, na tatu kati ya hizo zafaa kutajwa.

Njia ya kwanza ni hii. Magonjwa mengi hupona yenyewe. Mtu ashikwe na mafua, anywe maji ya mchaichai kila siku, na siku ya saba apone. Hatakosa kuusifu mchaichai mbele ya watu. Lakini jirani yake aliyeshikwa na mafua siku ile ile, asinywe kitu, naye amepona siku ya saba. Kama jirani huyo hakuulizwa, mchaichai utapata sifa usiyostahili.

Njia ya pili ni kwamba waliopona husema na waliokufa hunyamaza. Mgonjwa aliyepona hurudi kwa mganga na kuku mkononi, amshukuru. Aliyekufa hawezi kurudi ili amwambie ya kuwa dawa ilimdhuru. Basi mganga, hata akiwa mtu mwema na mkweli, hukumbuka sana shukrani na kusahau makaburi.

Njia ya tatu yaweza kuelezwa kwa mfano wa mkulima. Mkulima ana mashamba mawili ya mahindi, moja bondeni kwenye udongo mweusi, na la pili mlimani penye mawe. Atia samadi katika shamba la bondeni, asitie katika la mlimani. Wakati wa mavuno aona mahindi ya bondeni ni makubwa, asema, "Samadi hii ni nzuri ajabu!" Lakini hajui kama ni samadi iliyozaa mahindi au ni udongo wa bonde. Angalitaka kujua kweli, angaligawanya shamba moja la bondeni vipande viwili vilivyo sawa, akatia samadi katika kimoja tu. Kadhalika mganga akiwapa dawa mpya wagonjwa wenye nguvu, na kuwaacha walio taabani, hawezi kujua baadaye kama walipona kwa dawa au kwa nguvu zao.

MABAHARIA WA SALISBURY

Hapo zamani mabaharia wa Ulaya waliosafiri miezi mingi baharini walipatwa na ugonjwa uitwao kiseyeye. Ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yalilegea, madonda ya zamani yalifunguka tena, na nguvu ziliwaishia hata wakafa. Kiseyeye kiliwaua mabaharia wengi kuliko mizinga ya adui. Kila mganga alikuwa na dawa yake aliyoisifu, wala hapakuwa na mtu aliyejua ni ipi iliyo kweli.

Mwaka 1747 katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury alikuwamo mganga mmoja Mskochi, jina lake James Lind. Mwezi wa Mei aliwachagua mabaharia 12 wagonjwa, ambao ugonjwa wao ulifanana kadiri alivyoweza kuona. Akawalaza mahali pamoja na kuwapa wote chakula kimoja. Kisha akawagawanya wawili wawili, akapata makundi sita. Wawili wa kwanza aliwapa pombe ya matofaa, wawili wengine matone ya asidi iliyotiwa maji, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili dawa iliyopondwa kwa vitunguu saumu, haradali na vitu vingine, na wawili wa mwisho aliwapa kila mtu machungwa mawili na limau moja kila siku.

Machungwa na malimau yalikwisha baada ya siku sita tu. Lakini siku hizo sita zilitosha. Mmoja wa wale wawili aliweza kurudi kazini, na wa pili alipata nguvu hata akawekwa kuwauguza wenzake. Wale wa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Wengine wote walibaki katika hali yao.

Lind hakujua sababu ya matunda hayo kuponya. Habari ya vitamini C ilijulikana katika karne ya 20. Lakini kwa kuwa aliyatazama makundi sita ya wagonjwa pamoja, badala ya kutazama mmoja mmoja na kukisia, aliiona kweli iliyofichika kwa waganga wengi. Alitoa kitabu chake mwaka 1753. Hata hivyo serikali ya majini ya Uingereza haikuamuru mabaharia wote wapewe maji ya malimau mpaka mwaka 1795. Katika miaka hiyo 42 mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa imekwisha kuonekana. Hapo pana fundisho la pili: kuijua kweli ni jambo moja, na kuifuata ni jambo jingine.

KURA NA BAHASHA

Lind alichagua yeye mwenyewe nani apewe nini. Lakini mganga anayechagua yu kama mkulima yule wa bonde na mlima. Moyo wake waweza kumpeleka upande mmoja bila yeye kujua. Huruma yaweza kumfanya ampe dawa mpya mgonjwa anayempenda, au aliye taabani sana, au aliye na tumaini la kupona. Ili kuondoa jambo hili waganga wa siku hizi hupiga kura.

Jaribio lililowafunza waganga wengi njia hiyo lilifanywa Uingereza kuanzia mwaka 1947, na habari zake zikatolewa mwaka 1948. Dawa iliyojaribiwa iliitwa streptomaisini, nayo ilikuwa imevumbuliwa Marekani mwaka 1943. Ilitumainiwa kuponya kifua kikuu, ugonjwa ulioua watu wengi sana wakati huo. Lakini baada ya vita Uingereza haikuwa na fedha za kununua dawa hiyo kwa watu wote. Basi mtaalamu wa hesabu aitwaye Austin Bradford Hill alisema kwamba, kwa kuwa dawa haiwatoshi wote, ni haki kuigawa kwa kura na kujifunza kweli yake.

Wagonjwa walikuwa 107. Kura zilifichwa ndani ya bahasha zilizofungwa, na mganga hakuweza kujua ndani ya bahasha mna nini mpaka mgonjwa awe amekwisha kukubaliwa. Wagonjwa 55 walipata streptomaisini pamoja na kulala kitandani, na 52 walilala kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo. Picha za vifua vyao zilitazamwa na watu wasiojua ni nani aliyepata dawa na nani asiyepata, ili macho yao yasivutwe na tumaini. Baada ya miezi sita, kati ya wale 55 walikuwa wamekufa 4; kati ya wale 52 walikuwa wamekufa 14. Hapo hapakuwa na shaka tena.

Tangu siku hizo kura imekuwa kama mizani ya waganga. Kura haina rafiki wala adui. Haimpendelei mtoto wa tajiri, haimwonei mtoto wa maskini. Watu wakiwa wengi na kura ikigawanya kwa haki, wenye nguvu na wanyonge, wakubwa na wadogo, huenea pande zote mbili karibu sawasawa. Mwishoni ikiwa upande mmoja wamepona zaidi, hakuna linaloweza kutajwa kuwa sababu ila ile dawa.

KWININI YASHINDWA

Njia hii ilifika Afrika pia, na watoto wa Afrika wengi wanaishi leo kwa sababu yake. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa hospitali amezidiwa na malaria, pengine amezimia au ana degedege, alitiwa kwinini. Kwinini ni dawa ya heshima. Iliokoa watu wasiohesabika. Lakini ikatokea dawa mpya, artesunati, inayotokana na mmea unaojulikana China tangu kale. Je, ni ipi bora?

Kati ya mwaka 2005 na mwaka 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika jaribio moja lililofanywa katika nchi tisa za Afrika, na miongoni mwa hizo zilikuwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo. Kati ya watoto 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Kati ya watoto 2,712 waliopewa artesunati walikufa 230. Mganga mmoja katika hospitali moja asingaliweza kuiona tofauti hiyo kwa macho yake, maana ni watoto wawili au watatu tu katika kila mia. Lakini watoto wawili au watatu katika kila mia, katika bara zima, kila mwaka, ni umati wa watu. Mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia liliagiza kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunati.

MAJI YALIYODHANIWA KUWA UZIMA

Jaribio la kwinini lilionyesha ya kuwa dawa mpya ni bora kuliko ya zamani. Lakini kuna jaribio jingine la Afrika Mashariki lililoonyesha jambo ambalo waganga wengi hawakulitazamia kabisa, nalo ndilo linalofaa kukumbukwa kuliko yote.

Mara nyingi mama huleta hospitali mtoto mwenye homa kali aliyezidiwa. Mtoto ahema kwa shida, au fahamu zimempotea. Mikono na miguu yake ni baridi ingawa mwili ni moto. Moyo wake wapiga mbio. Ukibonyeza ncha ya kidole chake mpaka iwe nyeupe, damu hukawia kurudi. Dalili hizi zaonyesha ya kuwa damu haizunguki vema mwilini. Katika hospitali kubwa za Ulaya na Amerika desturi ilikuwa kumtia mtoto wa namna hii maji mengi yenye chumvi katika mshipa, kwa haraka, ili mishipa ijae na damu izunguke. Vitabu vilisema hivyo, na walimu wa uganga walifundisha hivyo. Katika hospitali nyingi za Afrika jambo hilo halikufanywa sana, na wengi walidhani ya kuwa kwa upungufu huo watoto wanakufa bure.

Lakini desturi hiyo ya maji mengi haikuwa imepimwa kwa kura kwa watoto wa namna hii. Basi mwaka 2009 waganga wa Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza, wakiongozwa na Daktari Kathryn Maitland aliyefanya kazi Kilifi, walianza kuipima. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi katika Kenya, Muheza katika Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor katika Uganda. Walioanza jaribio walitumaini ya kuwa maji yataokoa maisha, na kwamba baada ya kuonyesha hivyo wataweza kuziomba serikali ziyapeleke katika kila hospitali.

Kabla ya kuanza, waganga na wauguzi walifundishwa upya namna ya kuwapokea watoto walio hatarini. Kila mtoto, kura yake iwe ipi, alipewa dawa ya malaria au ya vijidudu vingine kwa kadiri ya ugonjwa wake, na hewa ya oksijeni na damu kama alihitaji, pamoja na maji ya kawaida ya kumtunza, yatiwayo polepole. Tofauti ilikuwa moja tu. Bahasha iliyofungwa ilipofunguliwa, kundi la kwanza walitiwa kwa haraka maji mengi yenye chumvi. Kundi la pili walitiwa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni aina ya protini iliyomo katika damu. Na kundi la tatu hawakutiwa maji ya haraka.

Saa moja ilipopita, wauguzi waliwatazama watoto. Wale waliotiwa maji mengi walionekana kupata nafuu kuliko wengine. Mikono ya wengi wao ilikuwa imeanza kupata moto, na damu ilirudi upesi katika vidole vyao. Kama jaribio lingaliishia hapo, kila mtu angalisema, "Maji yameshinda." Mama wa mtoto wa kundi la tatu angaliweza hata kulia ya kuwa kura imemnyima mwanawe uzima.

Lakini jaribio halikuishia hapo. Watoto walihesabiwa tena baada ya saa 48, na hesabu ilikuwa hivi. Kati ya watoto 1,050 waliotiwa maji ya albumini walikuwa wamekufa 111. Kati ya watoto 1,047 waliotiwa maji ya chumvi walikuwa wamekufa 110. Kati ya watoto 1,044 ambao hawakutiwa maji ya haraka walikuwa wamekufa 76. Yaani katika kila watoto 100 waliotiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya 10, na katika kila 100 wasiotiwa walikufa 7. Maji yaliyodhaniwa kuwa uzima yaliwaongezea mauti. Katika hospitali zote sita hakuna aliyeweza kuliona jambo hili kwa macho. Lilionekana katika hesabu tu.

Waganga waliochunguza baadaye sababu ya vifo hivyo walidhani kwanza ya kuwa maji yaliingia katika mapafu au yaliuvimbisha ubongo. Lakini walipozitazama habari za kila mtoto, waliona ya kuwa katika wengi waliozidi kufa ni mzunguko wa damu uliokuwa umeanguka, saa nyingi baada ya ile nafuu ya kwanza.

WALINZI WA JARIBIO

Jaribio hilo lilikusudiwa kuwa na watoto 3,600. Lakini liliwekewa walinzi, yaani wataalamu wachache wasiokuwa miongoni mwa waganga waliolifanya. Kazi yao ilikuwa kuzifungua hesabu kwa siri mara kwa mara, wakati waganga wenyewe hawajui, na kulisimamisha jaribio mara waonapo ya kuwa kundi moja linadhurika. Mwezi wa Januari 2011 walinzi hao waliona hesabu ikielemea upande mmoja, wakaagiza hakuna mtoto mwingine atiwe maji hayo. Watoto walioingia walikuwa 3,141. Mwezi wa Mei mwaka huo huo habari zote zilitangazwa ulimwenguni, bila kufichwa hata hesabu moja, ijapokuwa ziliwavunjia tumaini wale wale waliozitangaza.

Hapo msomaji mwenye moyo wa huruma atauliza, "Je, ni haki kupigia kura maisha ya mtoto?" Swali hili ni jema, na waganga hujiuliza kila mara. Jibu lake ni kwamba kura ni haki wakati tu ambapo hakuna ajuaye kweli ni upande gani ulio bora. Mtu akijua, haimpasi kupiga kura. Yampasa kutoa dawa iliyo bora. Lakini asipojua, naye akawatia watoto wote maji kwa sababu vitabu vimesema, huyo naye anajaribu, ila anajaribu bila kuhesabu, na hatajifunza kitu kamwe. Watoto wangaliendelea kufa, na kila kifo kingalihesabiwa kuwa ni cha ugonjwa.

Tena mgonjwa hawezi kuingizwa katika jaribio kama mbuzi anavyoingizwa zizini. Katika lile jaribio la streptomaisini, wale ambao hawakupewa dawa hawakuambiwa ya kuwa wamo katika jaribio. Siku hizi jambo hilo limekatazwa. Mwaka 1964 Chama cha Waganga wa Dunia, walipokutana mjini Helsinki, waliandika kanuni zinazosema ya kuwa mtu ni juu ya elimu, na ya kuwa sharti aelezwe na akubali kwa hiari. Siku hizi baraza la watu wengine huichunguza kila shauri ya jaribio kabla haijaanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kukataa, na akikubali ana ruhusa ya kutoka siku yo yote, wala hatanyimwa matibabu. Mtoto huombewa ruhusa kwa mzazi wake. Katika jaribio la maji, mtoto alipokuwa karibu kufa na hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu, mzazi aliulizwa kwa maneno machache, kisha akaelezwa yote kwa utulivu hatari ilipopita, na kuombwa ruhusa yake kamili.

MIPAKA YA JIBU

Jaribio zuri hujibu swali lililoulizwa, wala halijibu swali jingine. Watoto wenye kuhara sana hawakuingizwa katika jaribio la maji, wala waliokonda kwa njaa, wala walioungua moto au kuumizwa. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa maji ni mabaya kwa kila mgonjwa. Mtoto anayehara amepotewa na maji mwilini mwake, na akikosa kurudishiwa atakufa; yeye sharti apewe maji yenye chumvi na sukari ya kunywa, au atiwe mshipani akizidiwa. Kweli iliyopatikana ni ya watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vema, katika hospitali zisizokuwa na mashine za kuwasaidia kupumua.

Waganga wengine wa nchi za mbali hawakukubali upesi. Walisema, "Haiwezekani, sisi tumeona kwa macho yetu watoto wakipata nafuu." Bila shaka walikuwa wameona nafuu ya saa ya kwanza. Mwaka 2016 maagizo ya Shirika la Afya la Dunia yalisema ya kuwa mtoto mwenye homa kali aliye na baadhi tu ya dalili hizo asitiwe maji kwa haraka. Miaka mitano ilikuwa imepita. Ni mingi, lakini si 42 kama ile ya mabaharia na malimau.

Basi mtoto aletwaye leo hospitali kwa homa, mikono yake baridi na moyo wake ukienda mbio, akiachwa bila maji ya haraka, mama yake asifikiri ya kuwa muuguzi amemsahau. Muuguzi huyo huenda anafuata somo lililofundishwa na watoto 3,141 wa Kilifi, Muheza, Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Wengi wao walipona wakarudi nyumbani, na sasa ni vijana. Wengine hawakurudi. Wazazi wao waliombwa ruhusa katika saa iliyo chungu kuliko zote, wakakubali. Na kwa kukubali kwao, watoto wa watu wasiowajua wameokolewa.

Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mganga mwenye elimu nyingi asiyeuliza huweza kuua kwa mkono wa huruma, na baharia 12 waliougua katika jahazi moja huweza kuwafundisha waganga wa dunia nzima, mradi pawepo mtu wa kuwahesabu kwa haki.

MASWALI

1. Danieli alimwomba msimamizi afanye nini kwa siku kumi? Kwa nini vijana wengine walitazamwa pia?

2. Taja njia tatu ambazo kwa hizo jicho la mganga huweza kudanganyika.

3. Kwa nini Lind aliwapa mabaharia wote 12 chakula kimoja?

4. Eleza kazi ya bahasha iliyofungwa. Kungalikuwa na hatari gani kama mganga angaliweza kuona kilichomo ndani?

5. Watoto waliotiwa maji mengi walikuwaje baada ya saa moja? Na hesabu ilikuwaje baada ya saa 48?

6. Ni watoto gani ambao sharti wapewe maji, nao hawakuwamo katika jaribio hilo?

7. Jirani asema ya kuwa majani fulani huponya homa, kwa kuwa yeye aliyanywa akapona. Andika maswali matatu ambayo ungemwuliza kwa adabu.